Mbao Kumi na Nne Sebuleni

Voi,
10 Machi 2024

Kwako Mjomba Obadiah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mahoo, na kwamba mgongo umekupa ruhusa ya kuinama. Mama yuko salama Mwatate, anakusalimu. Mimi ni zaidi ya mzima. Mjomba, nimeolewa! Najua unajua, ulikuwepo, ulikula mbuzi. Lakini leo ni siku ya ishirini na mbili na bado sijazoea. Kila asubuhi namtazama Mulei akifunga kamba za viatu, nasema moyoni: viatu hivi vinalala mlangoni kwangu. Juzi alinikata kitunguu ili mimi nisilie, akalia yeye. Nani alijua kwamba fundi wa umeme anaweza kuwa hivyo?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu uliapa hutashika simu tena. Masikio yaliliwa na mashine ya randa, na ujumbe wa simu unasema umeandikwa na sisimizi. Bahasha nampa dereva wa gari la Taveta, ataiacha dukani kwa Nzomo.

Sasa neno lenyewe. Siku ya harusi ulichukua kipaza sauti bila kuombwa, ukaahidi kunitengenezea kabati la vyombo ambalo watu wa upande wa Mulei wakiliona watasahau njia ya kurudi kwao. Watu walipiga vigelegele. Mjomba, mama mkwe wangu, Mama Nzembi, anakuja kutoka Wamunyu mwezi wa nane kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Vyombo vyangu viko kwenye katoni. Mulei amepata mahogani nzuri sana hapa mjini, nyekundu kama machweo, na muuzaji amempa kipande cha mfano. Nimekiweka ndani ya bahasha. Je, ukiletewa hiyo, kabati litakuwa tayari kufikia Julai?

Mpwa wako mwenye furaha isiyo na kifuniko,
Eddah wa Mulei


Mahoo,
24 Machi 2024

Mpwa wangu Eddah,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za viatu. Hapa migomba imebeba, mifereji imejaa, mgongo ni ule ule.

Kipande chako nimekikwangua kwa ukucha. Ni mwembe. Umepakwa rangi. Mtu aliyemwambia mumeo ni mahogani hajui kitu, au anajua sana.

Rangi ndiyo kitu cha mwisho kutazama, maana inauzwa kwa mkebe. Tazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata: nyuzi zake zimekaribiana au zimeachana? Uinue. Ubao mkavu ni mwepesi kuliko jicho linavyotegemea. Funga jicho moja uutazame kutoka ncha hadi ncha kama mtu anayelenga ndege, na ukiwa umejipinda mwachie mwenye kibanda cha kuku. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Mbichi hujibu kama ugali, mkavu hujibu kama mlango. Mimi siku hizi naweka kiganja upande wa pili. Nasikia kwa mkono.

Mumeo arudishe hiyo mahogani yake ya machweo. Mimi nina mkangazi, mahogani ya kwetu yenyewe. Ulianguka kwa upepo mwaka wa 2019 kwenye shamba la Nzomo, tukapewa karatasi ya ruhusa ya watu wa misitu, tukaupasua. Umekaa bandani kwangu miaka mitano. Nilikuwa na mvule pia, lakini mimi na mvule tuna maneno yetu ya zamani.

Sitaanza kazi sasa. Mahoo ni chemchemi na migomba, hewa yetu inanyweka. Voi ni kikaango. Kabati likitengenezwa huku likaletwa huko litasinyaa, na mlango utapasuka. Kwa hiyo nakutumia mbao zenyewe, kumi na nne. Zitakaa ndani ya nyumba yako mpaka ziizoee, halafu nitakuja kutengeneza kabati hapo hapo. Kwenye karatasi ya pili kuna masharti kumi na moja. Yafuate yote.

Kuna pia kipande kidogo nilichokitia alama ya msalaba. Kikae pamoja na mbao. Kila wiki mbili kipime kwenye mizani, uniandikie gramu. Maji yakiendelea kutoka, uzito utashuka. Siku utakapoacha kushuka mara tatu mfululizo, nitafunga sanduku la vifaa nije.

Hakuna Julai. Kuna mbao kukauka.

Kabati zuri ukilifunga mlango hupumua, maana hewa ya ndani haina pa kupitia ila ukingoni. Mimi sitaisikia pumzi hiyo. Utanisikilizia wewe.

Mjomba wako,
Obadiah


Voi,
28 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Sisi ni wazima. Mulei amejifunza kupika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa kama wa mama yake ili nisihangaike, na mimi nimejifunza kuumaliza.

Mbao zimefika. Zote kumi na nne. Mjomba, hukuniambia kwamba ni ndefu kuliko sebule! Tumezipanga kwa pembe, kutoka mlangoni hadi karibu na jiko, na vile vijiti ulivyotaka viko katikati ya kila ubao na mwenzake. Hazigusani na ukuta, hatukai juu yake, hatuweki sufuria, kuku wa jirani hawakanyagi. Masharti yote kumi na moja nimeyabandika ukutani kando ya picha ya harusi. Kochi tumelipeleka kwa jirani. Tunakula tukiwa tumeketi kitandani kama wagonjwa, lakini na Mulei hata ugonjwa ni mtamu.

Watu wanauliza, "Mnajenga?" Nasema hapana, ni kabati. Wanatazama, wanasema, "Liko wapi?"

Najitahidi kuzitunza. Unalijua vumbi letu jekundu, ukiacha kikombe mezani dakika kumi kinavaa kanzu. Sitaki mbao zako zionekane kama zisizo na mwenyewe. Kila Jumamosi nyumba yote inang'aa, na wiki ya kupima nikishamaliza usafi ndipo nachukua kile kipande cha msalaba nakwenda nacho dukani kwa Kasiva, anakipima kwenye mizani ya sukari.

Mara ya kwanza, siku zilipofika: gramu 842. Baada ya wiki mbili: 851.

Nimefurahi sana kuona kinaendelea vizuri.

Wako,
Eddah


Mahoo,
2 Juni 2024

Eddah,

Marahaba. Mvua ilichukua daraja la kuvukia kwa miguu, ndiyo maana nimechelewa. Tuko salama.

Kinaendelea vizuri wapi? Kinapanda! Nilikuambia kitashuka. Mbao zimetoka kwenye maji zimekwenda kwenye kikaango, halafu zinanenepa? Hata mvua iwe kubwa vipi, Voi haiwezi kuwa na unyevu mwingi kuliko Mahoo.

Huyo Kasiva anaweka kidole kwenye mizani. Ndivyo wanavyofanya kwenye sukari. Badilisha mizani.

Obadiah


Voi,
30 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema ule mgongo uupake mafuta ya nazi. Tarehe 17 tulitimiza miezi minne ya ndoa, na Mulei alininunulia kanga. Nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shuleni.

Mambo mengine yamenishinda. Nilikwenda dukani, nikasema kwa upole, "Mama Kasiva, naomba uondoe kidole." Akaniuliza, "Kidole gani?" Nikasema kile cha sukari. Mjomba, alipaza sauti mpaka watu wa kinyozi wakatoka na sabuni shingoni! "Miaka kumi na minane nauza hapa! Uje kunifundisha mizani na kipande chako cha kuni?" Sasa sukari nainunua upande wa pili wa barabara kuu.

Nikakipeleka kliniki wanakopima watoto. Nilipanga foleni na kina mama. Mmoja aliuliza wangu ana miezi mingapi, nikafunua kanga akaona mbao. Nesi alicheka lakini alinipimia: 848. Wiki mbili baadaye: 839. Jana: 850.

Mizani tatu tofauti, Mjomba, maana nesi alibadilisha mashine. Si kidole.

Mulei amejigonga ugoko mara nne. Anakwenda nje, anarudi akitabasamu. Nampenda sana lakini najua huko nje anasema maneno. Nimebakiwa na wiki chache Mama Nzembi afike. Nitamkaribisha wapi? Juu ya ubao wa tisa? Sharti la tatu limekataza. Kwani hatuwezi kutengeneza tu? Mbao ni ngumu, ni nzuri, zinanukia, mimi kwa macho yangu naziona kavu. Nakuomba, Mjomba. Nakuomba kwa magoti.

Eddah


Mahoo,
14 Julai 2024

Eddah,

Marahaba.

Nimezikalia namba zako siku nne. Naona kosa ni langu. Nimechagua vibaya. Labda mti uliugua ndani kabla ya kuanguka na mimi sikuona. Miaka arobaini na sita nachagua mbao, na sasa nimeshindwa na mti mmoja ulioanguka wenyewe mbele yangu.

Kwa magoti hata usiniombe. Mama yako aliniomba hivyo hivyo mwaka wa 1994. Muulize kwa nini kabati lake limegeuziwa ukuta.

Tafuta gari, zirudishe. Mumeo akanunue kabati la dukani, lile la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Angalau hilo halidanganyi mtu.

Obadiah


Voi,
8 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa wiki nane bila kukujibu, na najua Nzomo amechoka kukuambia hakuna barua. Mwanzo sikuandika kwa hasira. Baadaye sikuandika kwa aibu. Naomba usome yote kabla ya kuitupa.

Mbao sikuzirudisha. Nilitafuta gari, dereva akaja, akafika mlangoni, nikamwambia aondoke.

Mama Nzembi alifika tarehe 9 Agosti, siku moja kabla ya tuliyopanga. Nilimwogopa sana. Ni mwembamba, mrefu, na anatazama vitu kimya. Ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa nimeamua kufanya usafi wa Jumamosi mapema ili akute nyumba inanukia. Akanikuta nimepiga magoti, nimefunga leso kiunoni, na ndoo ya maji ya sabuni, nasugua ubao wa sita.

Akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Naosha mbao za Mjomba, mama. Karibu."

"Unaziosha." Akatua mzigo. "Kwani zinakwenda kanisani?"

Nikamweleza kuhusu vumbi. Nikamwambia naziosha kila Jumamosi, na kile kipande kidogo pia, kwa brashi, tangu siku ya kwanza. Mjomba, yule mama aliketi chini pale pale sakafuni, akafunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Nikasema basi, ndoa yangu imekwisha. Alipoinua uso machozi yalikuwepo, lakini ya kicheko. "Baba yake Mulei alichonga vinyago mpaka akafa," akasema. "Kama ningeosha mbao zake hata mara moja, ungeolewa na mtoto wa mwanamke mwingine."

Akanieleza yote. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazinywesha. Kwamba zilikuwa zinakauka siku sita na kunywa siku ya saba.

Mti wako haukuugua, Mjomba. Ulichagua vizuri. Mimi ndiye mwenye kosa.

Nilikwenda Mwatate kumuuliza Mama uliyoniambia nimuulize. Kwanza akaanza kuchambua mchicha. Mwishoni akasema wakwe walikuwa mezani wanakula, na ule mlango wa mvule ukalia kama bunduki na kupasuka juu hadi chini, na baba mkwe wake akasema, "Hiyo ndiyo zawadi ya shemeji?" Akasema alikuwa amekuharakisha, ulimwambia mbao ni mbichi naye akataka tarehe yake. Halafu akarudi kwenye mchicha. Nilimuuliza kwa nini aliligeuzia ukuta. Akaniuliza kama nimekula.

Sijaosha kitu tangu tarehe 9 Agosti, vumbi limezifunika kama blanketi jekundu, na mimi nalitazama tu nikiuma midomo. Wiki mbili baadaye kipande kilikuwa 833. Jana 826.

Kasiva nimemwomba radhi. Alinifanya niseme mara mbili, mara ya pili mbele ya kinyozi.

Nisamehe.
Eddah


Mahoo,
22 Septemba 2024

Eddah,

Nilikuandikia masharti kumi na moja. Sikuandika "usizioshe." Sikuandika pia "usizipike," wala "usizipeleke shule." Kuna mambo fundi hafikirii kuandika kwa sababu hajui kwamba duniani kuna bibi harusi mwenye ndoo.

Kwa brashi! Na sabuni! Kila Jumamosi!

Nilikuwa nimekwishampa Nzomo randa yangu kubwa. Nilimwambia sitaihitaji tena, macho yamechoka. Leo nimekwenda kuichukua. Alikuwa anazuilia nayo mlango wa banda la mbuzi. Tumezozana.

Anza upya kuhesabu. Vumbi liache, litaondoka na randa. Zigeuze, za chini ziwe juu. Ukishikwa na hamu ya kusugua, msugue mumeo.

Msalimie mama mkwe wako kwa heshima zangu zote. Mwambie nimesema ana akili kuliko sisi wawili tukijumlishwa.

Kuhusu mama yako sina la kusema.

Obadiah

Nilisahau: marahaba.


Voi,
27 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Nilijiahidi kutojaza karatasi kwa furaha zangu leo, kwa hiyo naandika namba tu.

819.
819.
819.

Kwenye mizani ya Kasiva. Alikunja mikono yote miwili kifuani ili nione.

Eddah


Mahoo,
3 Novemba 2024

Alhamisi, gari la saa mbili. Mumeo anisubiri stendi, sanduku ni zito. Asijaribu kunikatia kitunguu.

Obadiah


Voi,
2 Machi 2025

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo kutoka kwa watu wawili wenye mwaka mmoja na wiki mbili za ndoa! Mulei amelima sukuma nyuma ya nyumba, ameipa maji mengi hadi imekufa, akaniambia sasa tumelingana. Unaona niliye naye?

Najua unasubiri jambo moja tu, na nimekufanya usubiri kwa makusudi. Uliniambia siku unaondoka, "Usiniandikie lolote mpaka Januari na Februari zipite. Joto liseme kwanza." Nilitii, ingawa ilikuwa mateso. Wiki zile tatu ulizokaa nasi, ukilala kando ya mbao na kutukemea tukipita karibu na gundi, nilikasirika mara nyingi, sikatai. Siku uliyoukataa ubao wa kumi na mbili kwa sababu ya kifundo kilichotoshana na punje ya mtama, nilikwenda kulia bafuni. Mulei aliapa kwamba ukikataa mwingine atakuwa mlango yeye mwenyewe. Lakini nakumbuka pia ulivyopitisha kiganja juu ya kila ubao macho yamefumbwa, kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.

Basi joto limesema. Mwezi wa pili hapa hata mijusi walitafuta kivuli. Plastiki ya ndoo ilipasuka. Mlango wa choo umesinyaa mpaka komeo halifiki. Kabati lako halijafanya chochote, Mjomba. Nimetazama kwa tochi kila jointi, juu na chini. Hakuna ufa hata wa kupitisha unywele. Rangi ndiyo imebadilika, imekolea, sasa inafanana na kahawa iliyoachiwa muda jikoni.

Mama Nzembi alikuja Krismasi. Alilizunguka, akainama akanusa ndani, akaniambia, "Halina sabuni." Ndiyo sifa yake.

Jumapili iliyopita alikuja Mama kutoka Mwatate. Sikumwambia kitu. Alisimama mbele ya kabati na mkoba mkononi, akafungua mlango wa kulia, akafunga. Akafungua, akafunga. Nilihesabu, mara tisa. Halafu akasema bila kunigeukia, "Lile langu sikuligeuza kwa aibu. Niliona watu wangeucheka ule ufa na kumtaja yeye. Nikaona heri waone ukuta." Akaketi kwenye kochi. Akasema pia kwamba jana yake alimwita jirani wakaligeuza, mlango sasa unatazama sebule, ufa na yote, na kwamba kama mtu fulani bado ana randa yake anajua njia ya Mwatate. Amenikataza nisikuandikie hayo. Nimekuandikia.

Sasa sauti. Nimefanya kama ulivyoniagiza. Nilisubiri Mulei atoke, nikazima redio, nikafunga dirisha, nikaweka sikio.

Mlango haugongi, Mjomba. Hauna kelele ya mbao kabisa. Ukiusukuma polepole unafika karibu na mwisho, kisha unasitasita kidogo, kama mtu anayeingia ndani akakuta wengine wamelala. Halafu unatoa pumzi moja ndogo, *fuu*, kama mtu aliyebeba mzigo mrefu akautua.

Wako daima, mwenye ndoo kavu,
Eddah